Kabla ya kununua mashine ya presha, pima kwanza maji yako

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Kigamboni. Nina gari dogo, uwanja wa pevingi unaotosha magari matatu, na ukuta unaoota ukijani kila masika. Maji yangu ni ya kisima, yanapandishwa kwenye simtanki la lita 2,000 juu ya mnara. Nataka mashine ya kuoshea kwa presha. Kariakoo wananiambia nichukue ya PSI 3,000, eti hiyo ndiyo kiboko. Kaka yangu alichukua hiyohiyo na haikumaliza miezi minne. Ninunue ipi, na niitunzeje isinifie kama yake?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeniuliza habari za mashine, lakini kilichonikalisha chini kukujibu ni lile simtanki na hicho kisima. Katika mashine za nyumbani ninazoletewa kibandani, zilizochakaa kwa kazi nazihesabu kwa vidole. Nyingi zimeuawa na maji: maji machache, maji ya chumvi, maji yenye mchanga, au maji yaliyochemka ndani ya pampu kwa sababu mwenyewe aliiacha inaunguruma akaenda kupokea simu. Kwa hiyo kabla hujapanda kivuko kwenda Kariakoo, chukua ndoo.

Ndoo iwe ya lita 20, mpira wa maji uwe uleule utakaoutumia, na simu yako iwe saa. Fungua koki yote, uhesabu. Mashine za umeme za nyumbani hunywa kama lita 6 hadi 8 kwa dakika. Ndoo ikijaa ndani ya dakika 2, unapata lita 10 kwa dakika, una akiba. Ikienda dakika 3 na kuendelea, mashine itataka maji usiyoweza kuipa. Pampu inayonyonya kuliko inavyolishwa huvuta hewa, na hata maji yenyewe hugeuka mapovu ndani yake. Yale mapovu yakipasuka hugonga vyuma na sili, zile pete za mpira zinazozuia maji yasivuje. Utaisikia inatetemeka, inakoroma kama imemeza kokoto, na ncha ya bomba inatema maji kwa vipande vipande. Wengi hudhani ndiyo presha kali. Hapo ndipo inapokufa.

Mnara usikudanganye. Kila mita 10 za kimo hutoa baa 1 tu (baa ya kipimo cha presha, siyo ile ya njia panda). Tanki likiwa mita 3 juu, kwenye koki unapata kama baa 0.3, na ukiongeza mpira mwembamba wa nusu inchi wenye urefu wa mita 30 uliojikunja kwenye kona ya ukuta, kinachofika mwisho ni machozi. Dawa yake ni rahisi. Tumia mpira wa robo tatu, mfupi, usio na mikunjo, uunge karibu na tanki kadiri inavyowezekana. Hilo likishindikana, nunua pipa la plastiki la lita 200, lipandishe juu ya matofali mawili matatu, litoboe chini uweke koki, na mashine ikae pembeni yake. Unalijaza taratibu, kisha unafanya kazi. Kwa mashine ya lita 7 kwa dakika, pipa moja ni kama dakika 28 za maji mfululizo, na gari dogo halihitaji hata nusu yake.

Pipa lina faida nyingine ambayo kwa kisima chenu naithamini zaidi: mchanga unatua. Toboa hiyo koki juu kidogo ya kitako, kama upana wa kiganja, ili tope libaki chini. Halafu weka chujio kwenye mdomo wa kuingizia maji wa mashine. Mashine nyingi huja na kichujio kidogo cha wavu pale. Watu hukitoa kwa sababu “kinapunguza maji”. Kikipunguza maji, maana yake kimeziba, kimekamata kitu ambacho kingeenda kukwaruza pistoni. Kioshe, ukirudishe.

Sasa chumvi. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na hilo hulijui kwa kuonja tu. Dondosha matone machache kwenye kioo cha dirisha uyaache yakauke. Yakiacha duara jeupe, na sabuni ya kuogea nayo inagoma kutoa povu, basi maji hayo yatakula mashine polepole. Nimefungua vichwa vya pampu vya alumini vilivyotoka kwenye nyumba za ufukweni, ndani kuna unga mweupe kama wa muhogo, na valvu zimeganda kwenye vitundu vyake, huzitoi bila kuvunja. Siyo kwamba ilifanyiwa kazi nyingi. Iliwekwa stoo na maji ya chumvi tumboni, wiki baada ya wiki.

Huwezi kuhama Kigamboni kwa ajili ya mashine. Fanya hivi: tenga dumu moja la lita 20 la maji baridi yasiyo na chumvi, ya DAWASA au ya mvua, na kila ukimaliza kazi mwishoni yapitishe hayo kwenye mashine. Dumu moja linatosha, ni kama dakika 3. Masika uliyoyalaumu kwa ukijani wa ukuta ndiyo hayohayo yatakujazia mapipa kupitia mfereji wa bati. Na gari lioshe kwa maji ya kisima ukitaka, ila la kusuuzia liwe maji baridi, vinginevyo unalipaka chumvi kwa presha kwenye kila upenyo wa chuma.

Hapo ndipo tunapofika dukani. PSI 3,000 ni kama baa 207. Ni nguvu ya kuchubua rangi ya ukuta, kung'oa gundi ya nembo za gari na kufukua mchanga wote uliopo kati ya pevingi. Kwa kazi ulizonitajia, mashine ya kweli ya baa 110 hadi 130 inakutosha na chenji inabaki. Neno la kushika ni “ya kweli”, maana boksi linavumilia kuandikwa chochote. Kuna hesabu ambayo muuzaji hapendi uifanye mbele yake: chukua baa, zidisha kwa lita za dakika moja, gawanya kwa 600. Jibu ni kilowati ambazo maji yenyewe yanabeba. Mota lazima iwe na zaidi ya hapo, kwa sababu nguvu nyingine hupotea njiani kwa joto na msuguano.

Tufanye pamoja. Boksi moja limeandikwa baa 110, lita 6 kwa dakika, mota wati 1,600. Mara 6 inakuwa 660, gawanya kwa 600 unapata kilowati 1.1. Mota ya 1.6 inaiweza, kwa hiyo namba hizo zinakaa pamoja. Boksi la pili: baa 207, lita 10, wati 1,800. Inakuja 2,070, gawanya kwa 600 unapata karibu kilowati 3.5. Mota ya 1.8 itatoa wapi 3.5? Haitoi. Mara nyingi boksi kama hilo limechukua presha ya juu kabisa inayopanda bomba likiwa limezibwa, na maji mengi kabisa yanayopita bomba likiwa wazi, likaziweka mstari mmoja kana kwamba vinatokea kwa wakati mmoja. Tafuta namba za “kazini”, siyo za “juu kabisa”. Na kati ya mashine mbili zenye presha inayokaribiana, chukua yenye lita nyingi zaidi, mradi ndoo yako ilikubali. Presha hubandua uchafu, lakini wingi wa maji ndio unaousomba.

Kisha uliza mota. Zipo aina mbili. Ya kaboni ni ile inayolia kama grainda. Ni nyepesi, mtu anaibeba kwa kidole, bei nafuu, na kaboni zake zinaisha kama pensili. Isiyo na kaboni, ya indaksheni, ni nzito, inanguruma kama pampu ya kupandishia maji tankini, na ubavuni mara nyingi ina kibonge kinachoficha kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Ukiosha gari mara mbili kwa mwezi, ya kaboni si dhambi, ila ipumzishe kila baada ya dakika 15 au 20. Ukiwa na uwanja wa pevingi na ukuta juu yake, mimi ningejinyima mahali pengine nikachukua ya indaksheni. Inyanyue kabla hujalipa. Inayojiita indaksheni halafu ina uzito wa birika la umeme, iache palepale.

Ukimaliza mota, tazama kichwa cha pampu. Cha plastiki kinavumilia chumvi lakini kinapasuka kwa joto na presha. Cha alumini ndicho nilichokusimulia hapo juu. Cha shaba ya njano, kile mafundi tunakiita brasi, ndicho ningekuchagulia kwa maji yako, hata kama itabidi ushuke presha kidogo ili bei ikubali.

Swali la mwisho la dukani halipendwi na muuzaji wala mnunuzi: “Seti ya sili na oringi za mashine hii unazo? Nionyeshe.” Akikuambia haziharibikagi, toka. Zinaharibika zote, ni mpira. Mashine ya jina kubwa isiyo na vipuri mjini ni sanamu.

Usinunue ya petroli kwa nyumba. Ina kelele, ina oili ya kubadilisha, na petroli ikikaa miezi mitatu kwenye kabureta inaganda. Zile ndogo za betri ni za baiskeli na pikipiki, pevingi zitakucheka. Mtumba nao usome kibao chake kabla ya kuchomeka. Vifaa vingi vilivyotumika vinaletwa kutoka Japani, na kule umeme wa nyumbani ni volti 100. Ukichomeka cha volti 100 kwenye soketi yetu ya 230, utasikia mlio mmoja mfupi, kisha harufu.

Tukitoka dukani, kuna umeme wa nyumbani kwako. Maji na umeme unaviweka mkono mmoja, kwa hiyo hapa sitanii. Muite fundi umeme ahakikishe soketi hiyo ina erthi inayofanya kazi, na mzunguko wake unalindwa na ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Ekstensheni nyembamba za kuchajia simu weka mbali kabisa. Mashine ya wati 1,800 inavuta karibu ampia 8 mfululizo. Waya uwe wa milimita za mraba 2.5, ukunjuliwe wote, maana ukiachwa umezungushwa unapika. Maungio yake yasilale kwenye maji. Vaa buti za mpira, siyo ndala. Na jioni, wakati mtaa mzima unapika na kupiga pasi na taa zenu zinafifia, usiiwashe. Mota ya indaksheni ikiwaka kwenye umeme hafifu inaguna bila kuzunguka, na kila sekunde ya kuguna inachoma koili. Osha asubuhi. Kama unaogopa Luku, nusu saa ya mashine hiyo haimalizi uniti moja.

Namna ya kuiwasha ina mpangilio wake, na ndipo nusu ya watu wanapokosea. Unganisha mpira, fungua maji, mashine ikiwa bado imezimwa. Bonyeza kifyatulio, acha maji yatiririke mpaka yatoke bila kupiga chafya, yaani hewa yote imeisha. Ndipo uwashe. Mwisho wa kazi geuza: zima, funga maji, bonyeza kifyatulio mpaka presha iliyobaki itoke, ndipo ufungue mipira. Presha iliyoachwa kwenye bomba usiku kucha inakaza sili na valvu bila sababu.

Na ukiwa katikati ya kazi, ukitaka kusogeza gari au kuongea na jirani, zima. Kwenye mashine isiyojizima yenyewe, ukiachia kifyatulio maji hayana pa kutokea, yanazunguka ndani ya pampu yaleyale, yanapata moto. Dakika chache zinatosha kulainisha sili. Yangu ya kwanza niliiua hivyohivyo, mimi fundi mzima. Mgeni alibisha hodi, nikamkaribisha, tukaingia kwenye habari za msiba wa kijijini, nikakumbuka mashine niliposikia sauti yake imebadilika. Nilipoigusa kichwani iliniunguza vidole. Zile zinazojizima ukiachia kifyatulio zina nafuu, lakini nazo zina ishara yake: ikiwa hujabonyeza kitu na yenyewe inawaka sekunde moja, inazima, inawaka tena, kuna mahali panavuja. Kagua oringi za maungio kwanza, ndizo za bei rahisi, kisha bunduki, yaani ule mkono wenye kifyatulio, mwisho valvu.

Kwa gari tumia ncha ya maji mapana. Kama yako imekuja na nozeli za rangi, nyeupe hutawanya maji kwa pembe ya nyuzi 40, kijani 25, njano 15, nyekundu ni sindano ya nyuzi 0, na nyeusi ni ya sabuni. Nyekundu mimi huwa naichukua na kuificha. Kaa mbali na bodi ya gari angalau urefu wa rula ya shule. Usisogelee ubavu wa tairi, na usipige maji kwenye injini yenye nyaya na soketi zake. Sabuni iwe ya maji, ya kuoshea magari, na inavutwa tu ukiwa na ile nozeli nyeusi au ncha iliyofunguliwa kwa presha ndogo. Wengi wanaorudisha mashine wakisema “hainyonyi sabuni” hawana tatizo lingine. Sabuni ya unga inaacha punje, na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo inakula sili na vyuma. Kama unataka kuua koga ukutani kwa dawa, ipake kwa brashi, isubiri, ndipo mashine isuuze kwa maji matupu.

Pevingi zisafishe kwa pembe, siyo kwa kuchimba wima, na uwe na ndoo ya mchanga mkavu wa kurudishia kwenye nafasi kesho yake, la sivyo vitofali vitaanza kucheza. Ukuta wenu wa simenti unavumilia. Ila kama una ndugu mwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, Bagamoyo au Mji Mkongwe, mwambie asithubutu. Chokaa itamwagika kama uji. Na bati kuukuu za asbesto hazioshwi kwa presha kabisa, nyuzi zake ni hatari kwa mapafu.

Jambo moja la watoto. Mchirizi huu unapenya ngozi. Kidonda kinaweza kuonekana kama tundu la sindano tu, huku maji na uchafu vimeingia ndani ya kidole. Mtu akipigwa, msifunge kitambaa mkasubiri kesho. Nendeni hospitali saa hiyohiyo, mseme wazi ni maji ya presha kubwa. Usimwoshe mbwa nayo, wala miguu yako yenye tope.

Matunzo mengine ni madogo. Nozeli ikiziba presha inapanda na bomba linatikisika: izibue kwa sindano nyembamba ikiwa imetolewa, uisuuze kinyumenyume. Ikiwa na ukoko wa chumvi, iloweke kwenye siki nyeupe usiku mmoja. Ikichakaa tundu linapanuka na presha inashuka, watu wakasema pampu imekwisha. Badilisha nozeli kwanza, ya namba ileile. Oringi zipake grisi ya silikoni, siyo ya gari. Kama pampu yako ina kioo cha oili, kitazame: oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, sili imepasuka, usiendelee. Mpira usiuache juani. Vitabu vya maelekezo vya Ulaya vitakuchosha kwa habari za maji kuganda kwa baridi. Hiyo ruka, mwachie shangazi yako wa Makete mwezi wa saba.

Na mashine ya kaka yako, asiitupe. Aipitishie maji safi, kisha afungue kifuniko cha kichujio cha kuingizia maji. Nina hakika nusu kuwa hakimo. Kama mota inazunguka ila maji hayana nguvu, ni sili na valvu, na hilo ni tatizo la asubuhi moja. Kama inaguna haizunguki, aanze na kapasita, ila asiiguse mwenyewe, inahifadhi umeme hata ikichomolewa. Kama akifungua kichwa akakuta ule unga wa muhogo, hapo aibakize mota na bunduki tu, na wewe utakuwa umepata bunduki ya akiba.